Mkono Uliovuta Kamba

"Hivi Semeni, wewe uko huku umeshika kamba, mwenzako yuko kule nyuma ya ukuta humwoni. Unajuaje kwamba anayekuvuta ni yeye?"

Swali hilo aliliuliza Mwanawetu, jirani yake wa Ruangwa, siku moja wakipepeta ufuta uani. Semeni alikuwa anamsimulia kazi yake ya kupitisha kebo za mtandao kwenye dari za maofisi. Alicheka akamjibu kwamba mkono wa mtu unaujua tu, kama unavyoujua mlango wa nyumba yako kwa mlio wake.

"Haya mama," Mwanawetu akasema. "Mimi ningeiachia hiyo kamba nikakimbia."

Siku hiyo ilikuwa ya kucheka. Hii ninayokusimulia siyo.

Wiki iliyopita, msomaji wangu, Semeni alibaki juu ya ngazi katika ofisi ya kampuni ya kununua korosho hapa Nachingwea, kichwa kimeingia ndani ya dari, tochi kaibana kwa meno. Alikuwa ameona kitu kilichomkausha mate. Kebo iliyoachwa na kaka yake Mahamudu, Mungu amrehemu, ilikuwa imelala juu ya waya wa umeme wa zamani uliochunika, na pale zilipogusana gamba la kebo lilikuwa limeyeyuka kama mshumaa. Akaisogeza kidogo, kisha akaishika kamba ya nailoni iliyokuwa pembeni, ile ile aliyoitumia kaka yake siku aliyokufa.

Kamba ikavutwa.

Mara mbili.

Na upande wa pili hapakutakiwa kuwa na mtu.

"Nani?" Semeni aliitoa tochi mdomoni, akauliza gizani. Panya walikimbia juu ya mbao. Basi.

Sasa elewa jambo moja, maana kisa chote kimekaa hapo. Mafundi wa kebo wakitenganishwa na ukuta husemeshana kwa kamba. Mahamudu alikuwa na lugha yake. Ukivuta mara mbili, umesema simama. Ukivuta mara tatu, umesema vuta, kebo ije. Semeni alifundishwa lugha hiyo na kaka yake mwenyewe, na aliamini ndani ya jengo lile hakuna mtu mwingine anayeijua.

Basi nani huyo aliyemwambia asimame?

Alishuka ngazi polepole, kila kidato anakipapasa kwa mguu. Alitazama meni swichi, ile ya umeme wa jengo zima, ukutani kando ya mlango. Ilikuwa imezimwa, kama alivyoiacha. Akapumua.

"Fundi, tayari?" Ilikuwa sauti ya Edwin, meneja, mtu wa kuja kutoka kanda ya ziwa, shati limechomekwa hata jua likiwa kali namna gani.

"Bado, meneja."

"Nataka mtandao leo. Mnada ukianza ninunue korosho za watu kwa kupiga kelele dirishani?"

"Utanunua tu. Sauti unayo."

Edwin akaguna, akarudi kwenye kiti chake. Semeni akatoka nje, akalizunguka jengo.

Jengo lenyewe lilijengwa na Wazungu wa mradi wa karanga enzi za ukoloni, refu kama behewa. Paa moja, dari moja. Mbele ni ofisi. Nyuma ni nyumba ya mfanyakazi, na humo ndimo alimokuwa akikaa Mahamudu na mkewe Zuhra na watoto wao. Mlingoti wa mtandao umesimama upande wa nyuma, kwa hiyo kebo haina njia nyingine, lazima ipite juu ya chumba cha Zuhra. Na Zuhra yuko edani, anamkalia mumewe. Mwanamume asiye maharimu wake haingii humo. Ndiyo maana kampuni ikamtafuta fundi mwanamke, na fundi mwanamke aliyepatikana ni dada wa marehemu.

Semeni aliikubali kazi hiyo kwa sababu nyingine kabisa: alitaka kupaona mwenyewe pale alipofia kaka yake.

Alasiri ya siku ile ile wazee wa ukoo walikuwa wanakuja kukaa kikao. Na mjomba wao, mzee Hasani wa Mbekenyera, alikwisha tangaza msibani atakalolisema. Kwamba Mahamudu alikula chakula cha mkewe, akapanda ngazi, akapata kizunguzungu, akaanguka akavunjika shingo. Mtu mzima mwenye afya haanguki hivi hivi. Zuhra kamlisha kitu. Kwa hiyo eda ikiisha, Zuhra atoke kwa miguu yake, watoto wabaki kwa ukoo. Watoto watakwenda Mbekenyera kwa mjomba, na mikorosho ya baba yao mjomba ataiangalia.

Zuhra hakujibu lolote tangu siku ya msiba. Watu wakasema, mmeona, ananyamaza.

Semeni alipobisha mlango wa nyuma hakungoja kuitikiwa. Alipita uani, ambako alimwacha wifi yake akichochea kuni. Sufuria ilikuwa motoni, mtu hayupo. Akaingia ndani. Akasukuma mlango wa stoo.

Zuhra alikuwa amekaa mkekani chini ya tundu la dari, amejitanda nguo nyeupe, na mwisho wa ile kamba ameuzungushia kiganjani.

"Wifi," Semeni alisema.

"Karibu."

"Ni wewe uliyenivuta?"

"Ni mimi."

"Umenitoa roho, wewe. Nimesema kaka karudi."

"Nilitaka usimame. Nimesikia unaisogeza ile kebo. Pale ulipofika ndipo pale."

Semeni alikaa chini. "Lugha ya kamba kakufundisha nani?"

"Mume wangu. Unadhani kebo zote hizi za Nachingwea alikuwa anavuta na nani? Na majini?"

"Alisema ana kijana wa kumsaidia."

"Kijana mwenyewe ndiye mimi, na shanga zangu. Wateja wakitoka ananiingizia mlango wa nyuma, nakaa upande wa pili, navuta. Hakutaka mjomba asikie. Mjomba angesema mpwa wake kaoa fundi mwenzake."

Wote wawili walitabasamu kidogo. Kisha tabasamu likaisha, kwa sababu Semeni alikwisha kuliona swali linalofuata, na Zuhra alijua kwamba kaliona.

"Siku ile, wifi. Ulikuwa hapa?"

"Nilikuwa hapa. Nimekaa hivi hivi."

Nje kuku alitetea. Zuhra aliufunga mlango wa stoo, akarudi mkekani, akaanza kusema kwa sauti ya mtu anayesoma kitu alichokihifadhi zamani.

"Asubuhi alizima meni swichi. Najua, kwa sababu redio yangu ilinyamaza. Umeme wa huku na wa ofisini ni mmoja. Meneja alikuwa amekwenda benki, hapakuwa na mtu ofisini. Tukavuta kebo, inakuja vizuri. Mara redio ikaanza kusema."

"Yenyewe?"

"Yenyewe. Mawaidha yalikuwa yanasomwa. Nikajua umeme umerudi, nikashangaa. Mume wangu hawashi umeme kabla hajashuka ngazi, hata umwambie nini. Nikasikia kishindo. Halafu kamba ikavutwa."

"Baada ya kishindo?"

"Baada ya kishindo. Mara mbili. Nikasimama, nisivute. Ikavutwa tena mara mbili. Nikazidi kuganda, wifi, nikawa kama nguzo. Mume wangu anasema nisimame, mimi nani nivute? Na redio inasoma mawaidha tu. Kisha redio ikanyamaza. Kisha ndala zikapita chini ya dirisha hili. Ndala za mtu asiye na haraka."

Semeni aliitazama kamba kiganjani mwa wifi yake.

"Mtu aliyeanguka havuti kamba," alisema.

"Havuti. Hilo nimelijua tangu wamekuja kuniita nikamwona chini ya ngazi."

"Na hukusema."

"Niseme nini? Kwamba nilikuwa nimeshika kamba? Mjomba keshasema nimemuua kwa chakula. Nimpe na kamba?" Zuhra aliikunjua ile nailoni kiganjani, akaikunja tena. "Nilinyamaza nikawa nasikiliza. Kila mtu anayepita hapa nje nasikiliza ndala zake. Lakini ndala zinafanana."

"Na mkono?"

Zuhra aliinua macho.

"Mkono haufanani," alisema. "Mume wangu alikuwa anagusa kamba tu, kama mtu anayebisha hodi. Ule ulivuta kwa mvuto mrefu, wa kutoka kwapani, halafu mwishoni unatikisa kidogo. Nikiupata tena nitaujua. Hata nikiwa usingizini."

"Basi utaupata," Semeni alisema. "Sikiliza. Nitamshikisha kamba mtu mmoja. Akiwa siye, ishikilie hivyo hivyo. Akiwa ndiye, iachie yote."

"Unamfikiria nani?"

"Nani mwenye ufunguo wa ofisi?"

Hakungoja jibu. Ulikuwa unamjia machoni, msomaji wangu, uso wa meneja Edwin na shati lake la kuchomeka. Nani aliyesema alikuwa benki? Yeye mwenyewe. Nani aliyemkuta marehemu? Yeye mwenyewe. Semeni aliingia ofisini amebana meno.

"Meneja, njoo unisaidie. Shika hii kamba."

"Mimi?"

"Nataka kujua kama imenasa mahali. Vuta mara mbili."

"Nimeajiriwa kununua korosho," Edwin alisema, lakini akasimama, akapanda vidato viwili, akaishika kamba kwa vidole kama mtu aliyeokota mjusi. Akavuta. Aling'oa kwa nguvu kama anang'oa jino, mara moja, mara ya pili, nusura aanguke na ngazi.

Semeni aliitazama kamba.

Ilibaki imekaza. Upande wa pili mkono wa Zuhra haukuiachia.

Siye.

"Imenasa?" Edwin aliuliza, anajifuta vumbi.

"Haijanasa."

"Basi nimechafuka bure."

"Meneja, siku ile uliporudi kutoka benki, hiyo meni swichi uliikutaje?"

"Imezimwa. Nimeshasema mara ngapi? Ndiyo maana hata hospitali hawakuwaza habari ya umeme. Mtu kaanguka, shingo imevunjika, wakaandika hivyo." Alipunguza sauti. "Dada, Mahamudu alikuwa rafiki yangu. Kama kuna kitu umekiona huko juu, niambie."

Kabla Semeni hajafungua mdomo, simu ya meneja ililia. Lori la magunia lilikuwa limekwama njia ya ghalani. Edwin akatoka anafoka, na sauti yake ikaenda ikififia uwanjani.

Semeni akabaki peke yake na kamba inayoning'inia. Alikuwa na mtu mmoja wa kumshuku, na sasa hana. Saa ya kikao inakaribia. Akilini alikuwa anamwomba Mola wake ampe njia, na hakujua kwamba njia imeshafika mlangoni, inavua ndala.

"Hodi humu."

Alikuwa mjomba Hasani, kofia nyeupe, bakora mkononi, mwili mkavu wenye mishipa. Mbekenyera na vijiji vya jirani wamekunywa maji ya visima vyake miaka na miaka. Uzee umemtoa kisimani, lakini mabega yale hayajasahau.

"Mjomba. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Nimetangulia, wazee wako nyuma na gari. Mbona bado unahangaika? Tunakaa kikao, wewe umevaa suruali ya kazi."

"Namalizia, mjomba. Kamba hii inanisumbua."

"Inakusumbua wewe unavyoishika. Mwanamke na kamba wapi na wapi. Lete."

Aliichukua. Hakuambiwa avute, hakuombwa. Mkono wa mchimba visima ukipewa kamba hauulizi. Aliizungusha kiganjani mara moja, akateremsha bega, akavuta.

Mvuto mrefu, wa kutoka kwapani. Mwishoni akatikisa.

Akavuta tena.

Semeni aliutazama mkono ule. Alitamani kusema, iache, mjomba, usivute tena, rudi nje uingie upya uwe mtu mwingine. Huyu ndiye aliyempeleka madrasa ameshikwa mkono. Huyu ndiye aliyemwingiza kaka yake kaburini kwa mikono miwili.

Kamba ilikuwa bado imekaza.

"Mbona havuti huyo?" mjomba aliuliza kwa hasira ndogo.

"Nani, mjomba?"

"Huyo wa kule. Nimemwambia avute."

"Umemwambia asimame," Semeni alisema taratibu. "Mara mbili ni simama."

"Simama ya wapi? Mara mbili ni vuta. Mtu yuko chini kisimani, pumzi imemwishia, anavuta kamba mara mbili, wa juu anampandisha. Sasa wa juu akisimama, si mtu anafia humo?"

Mkono wake ukaganda kwenye kamba.

Alikuwa ameyasikia maneno yake.

Semeni hakuijua lugha hiyo ya visima, na angeijulia wapi? Kwao mwanamke hasogei kisima kinapochimbwa. Chakula cha wachimbaji huwekwa mbali, wakakifuata wenyewe. Mahamudu utotoni alishika kamba ya mjomba wake, na alipokuwa fundi wa kebo aliichukua lugha ile akaigeuza, akaipa maana zake. Mjomba hakujua kwamba imegeuzwa. Zuhra hakujua kwamba ipo nyingine. Na kati ya kutojua huku na kutojua kule, mtu alikuwa amelala sakafuni.

Ndipo kamba ikalegea.

Ilianguka kutoka darini, mkunjo baada ya mkunjo, ikamwagikia mjomba Hasani mabegani, kwenye kofia, miguuni. Aliitazama kama anayetazama nyoka.

"Ulijuaje kuna mtu kule?" Semeni aliuliza. "Mimi fundi niko hapa mbele yako. Kaka yangu, watu wote wanajua siku ile alikuwa peke yake. Nani kakwambia kuna wa upande wa pili?"

"Nimedhani tu."

"Siku aliyokufa ulikuwa wapi, mjomba?"

"Ruangwa. Nauza ufuta wangu. Ukoo mzima unajua."

"Redio ya Zuhra haijui. Ilinyamaza, ikasema, ikanyamaza tena. Na ndala zako zilipita chini ya dirisha lake."

Mjomba Hasani aliketi juu ya boksi la kebo. Alijitoa kamba mabegani, akaanza kuikunja vizuri, kama kazi bado inaendelea. Aliposema, sauti ilikuwa ya chini, na Semeni alilazimika kusogea ili amsikie.

"Kebo ilikuwa juu ya mkono wake. Kaanguka nayo, imemzunguka, inamtetemesha. Ningemgusaje? Ukimgusa mtu wa namna hiyo mnakwenda wawili. Nikaona kamba inacheza, nikajua upande wa pili kuna mtu. Nikamvutia, avute, kebo imtoke mwanangu mwilini. Nikamvutia tena. Hakuvuta. Alisimama tu huko aliko, mpaka ikawa basi." Aliinua uso. Macho yalikuwa makavu. "Sasa niambie, wewe fundi. Nani kamuua?"

Nyuma ya ukuta kitu kilianguka. Dari ni moja, na sauti hupita. Zuhra alikuwa anasikia kila neno, na sasa alikuwa amejua sababu ya ile kamba kuvutwa mara ya pili.

Semeni alitaka kumkimbilia. Lakini macho yake yalikuwa yametua ukutani, kando ya mlango.

"Mjomba," alisema. "Meni swichi hiyo hapo."

Mjomba aliendelea kukunja kamba.

"Hapo ulipokaa, ukinyoosha mkono unaigusa. Hukuhitaji mtu wa upande wa pili. Hukuhitaji kamba. Ulikuwa unaizima tu. Na uliizima, lakini baadaye, redio imesema. Mbona ulianza na kamba?"

"Nilichanganyikiwa."

"Sawa. Binadamu huchanganyikiwa. Kaka yangu aliizima asubuhi kwa mkono wake. Ofisi haina mtu. Aliyeiwasha nani?"

Mjomba Hasani aliacha kukunja kamba.

Semeni aliona kitu kinapita usoni mwa yule mzee, kikaja hadi midomoni, kikarudi. Kama kilikuwa toba, kiligeuka njiani. Nje honi ililia, na gari likasikika linaingia uwanjani.

"Hao wazee," mjomba alisema, akasimama, sauti imerudi kuwa ya msibani. "Wewe ni mtoto wa dada yangu, nakupenda, kwa hiyo nakwambia polepole. Ukisema mimi nilikuwepo, mimi nitasema kamba aliishika nani. Watapima mikono miwili. Mkono wangu uliovuta, na mkono wake uliosimama. Unadhani watauchagua upi?"

"Watamuuliza mwenyewe."

"Watamuulizia wapi? Mimi nitakuwa barazani na wazee wenzangu. Yeye yuko edani, haonekani na wanaume. Neno lake atalipitisha wapi, kwa panya wa darini?" Aliokota bakora yake. "Nenda kavae nguo ya heshima. Kisha ukae na wanawake, unyamaze."

Alijigeuza kuelekea mlangoni.

Mlangoni palikuwa na mtu.

Zuhra alikuwa amezunguka jengo kwa nyuma. Nguo nyeupe ilikuwa imemfunika kichwa mpaka miguu, uso tu ndio ulioonekana. Mjomba Hasani alirudi nyuma hatua nzima, akageuzia macho ukutani, kama desturi inavyotaka.

"Rudi ndani," alisema akitazama ukuta. "Unavunja eda ya mwanangu."

"Siivunji," Zuhra alijibu. "Mchana, kwa haja ya haki yangu, natoka na kurudi. Nilimtumia mtu kwa mwalimu wa madrasa amuulize, zamani, wewe ukiwa bado unazunguka na habari za chakula changu. Ruhusa ninayo. Nilichokuwa sina ni mtu wa kumtaja."

Nje milango ya gari ilifunguka mmoja mmoja. Wazee walisikika wanasalimiana, wanauliza maji ya kunawa miguu.

Semeni alimsogelea wifi yake, akamshika mkono.

"Wifi, watakuuliza kama uliishika kamba."

"Niliishika."

"Watakuuliza kama ulivuta."

"Sikuvuta."

"Watakunyang'anya watoto, Zuhra. Kwa neno hilo moja tu. Subiri. Tumwite meneja, tupande wote darini aione kebo, tutafute mtu wa kutusimamia."

Zuhra alitazama kiganja chake. Kamba ilikuwa imeacha mstari mwekundu. Alikikunja.

"Tukisubiri, atasema yeye kwanza," alisema. "Kikao kikishasikia mtu wa kwanza, wa pili ni wa kujitetea. Mimi sina cha kujitetea. Nilisimama kwa sababu mume wangu alinifundisha mara mbili ni simama. Hilo nitalisema watoto wake wakiwa wanasikia, wakikua walijue kutoka kwangu."

Kisha akamwelekea mjomba Hasani, ambaye bado alikuwa anautazama ukuta, na hapo alipokuwa anatazama palikuwa na ile meni swichi.

"Na wewe utawaambia uliiwasha kwa nini, na mikorosho ya watoto wangu unaitakia nini."

Mjomba Hasani alifungua mdomo. Zuhra hakumngoja. Aliuvuta mtandio ukamfunika uso, akautoa mkono wake taratibu ndani ya mkono wa Semeni, akavuka kizingiti, akatoka kuelekea walipo wazee, bila neno jingine.